Rubani Aliyebaki Nje ya Ndege

Mimi ni fundi wa nguo, na fundi wa nguo ni mwongo. Nisikufiche. Ukiniletea kitambaa Jumatatu nitakutazama machoni nikuambie uje Ijumaa, na moyoni najua kabisa kwamba hiyo Ijumaa itanikuta sijakigusa. Wateja wangu hapa sokoni Nyansiongo wamenizoea. Wengi ni Wasabato kama mimi, wanataka nguo zao Ijumaa kabla jua halijazama ili Sabato iwakute wamependeza. Kwa hiyo Ijumaa alasiri kibanda changu hujaa watu walionuna, nami napiga cherehani huku nikiwagawia chai na maneno matamu. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu, na niliyapenda sana.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeketi kwenye benchi ya kliniki na bahasha ya picha mapajani, hujui uanzie wapi. Mimi si daktari. Sitakuambia saratani inatoka wapi wala inafukuzwa na nini, maana hayo utaambiwa na kila jirani, na kila jirani ana majani yake ya kuchemsha. Nitakuambia tu yaliyonipata mimi, Kerubo, na jinsi baba yangu alivyoniletea kazi ya kushona ndege.

Uvimbe niliupata Januari. Sare za shule zilikuwa zimekwisha, nikasema na mimi nijishonee gauni, jambo ambalo fundi hulifanya mara moja kwa miaka mingi. Nikajizungushia tepu kifuani, na tepu ikapita juu ya kitu kigumu. Nikaitoa, nikaizungusha tena kana kwamba kosa ni la tepu. Kile kitu kilikuwa palepale. Sikumwambia mtu yeyote mpaka jioni, wakati mume wangu Mogaka aliporudi kutoka kupeleka maziwa, na nilipomwambia alikaa chini na mtungi mtupu bado mkononi.

Kiangazi hicho hicho nikafanyiwa upasuaji Kisii mjini. Titi la kushoto likaenda. Watu watakuambia usijitazame mapema. Mimi nilijitazama siku ile ile waliponiruhusu kukaa, kwa sababu mimi kazi yangu ni kutazama vifua vya watu na kuvipima, sikuona kwa nini nikiogope changu. Nililia, ndiyo. Halafu nikaanza kufikiria blauzi zangu zitakaaje.

Niliporudi nyumbani kitu cha kwanza nilichoshona kilikuwa titi. Pamba laini nje, vipande vya vitambaa ndani, na mchele mkavu kidogo katikati ili liwe na uzito, maana lisipokuwa na uzito blauzi hupanda upande mmoja. Nililivaa kwenda kliniki. Kwenye benchi nilikaa karibu na mama mmoja wa Ogembo aitwaye Bosibori, muuza ndizi, mcheshi kupita kiasi, naye alikuwa amepoteza la kulia. Akanitazama kifua bila aibu, akaniuliza nimelinunua wapi. Nilipomwambia nimelishona mwenyewe akasema basi na yeye anataka, tena kubwa kuliko alilokuwa nalo kwanza, maana hii ndiyo nafasi yake. Tulicheka mpaka sista akatoka kutuangalia. Nikamwambia Bosibori litakuwa tayari Ijumaa.

Kemo, zile dripu za dawa za saratani, zikaanza mvua za masika zikiwa zimeshika na mahindi yakichipuka. Dawa ya kwanza ilinifanya nichukie maziwa, na mimi naishi katika nyumba ya ng'ombe. Mogaka alikuwa akivua gamboti na koti huko nje, ananawa mpaka kwenye viwiko ndipo anaingia, na bado harufu ilikuwa inaingia kabla yake. Maji yalikuwa na ladha ya msumari. Kitu pekee kilichokaa tumboni ni uji mwepesi wa wimbi uliopoa, na ninakuambia ujaribu. Dawa ya pili ilichukua nywele. Hilo halikunisumbua, nilijishonea vilemba vya kila rangi, na watu wa soko wakasema nimependeza.

Dawa ya tatu ilikuja kuchukua vidole.

Ilianza kama mtu aliyevaa glavu nyembamba. Kisha glavu ikawa nene. Kucha zikawa nyeusi. Nilikuwa nashika pini na sijui kama nimeishika mpaka niiangalie. Sindano ilinidondoka mara nyingi hata nikawa naogopa kutembea peku kwenye kibanda changu mwenyewe. Siku moja nilimshonea mwalimu suruali, akairudisha kwa upole akiniomba nimfungulie mifuko, kumbe nilikuwa nimeishona yote miwili ikafungika kabisa. Sikuwa nimehisi kitambaa kikijikunja chini ya vidole.

Habari ya vidole vyangu ikaenea. Wateja wakaanza kuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Walikuwa wapole mno. Pumzika kwanza, Fundi. Ukipata nafuu tutarudisha, Fundi. Hakuna hata mmoja aliyenuna, wala aliyeniuliza itakuwa tayari lini. Aliyeuliza alikuwa Bosibori peke yake, kule kliniki, kuhusu titi lake, na nilimjibu neno ambalo sijawahi kumwambia mteja tangu nianze kazi. Nilimwambia sijui.

Nikamuuliza daktari. Alikuwa kijana mwenye macho ya kuchoka, hakunidanganya. Alisema kwa wengine vidole hurudi dawa zikiisha, kwa wengine hubaki hivyo, na hakuna anayeweza kuniambia mimi niko upande gani. Ukinielewa vizuri utajua kwamba kifo sikukiogopa kama nilivyoogopa hilo jibu. Titi nilishona lingine. Kidole hakishonwi.

Sasa nije kwa baba yangu. Mzee Ondieki anaishi Manga, juu kule kwenye mlima, peke yake tangu mama atutoke, na ana umri wa kupumzika lakini hapumziki. Ninamwita Tata, kama Wagusii wote wanavyomwita baba. Yeye huniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Sasa kwetu kuna ensoni, ile heshima inayomfunga baba asitaje mwili wa binti yake, na binti asimtajie. Ingekuwa ni mguu, tungezungumza. Lakini titi! Nilipokuwa hospitali alikuja akakaa nje na kofia juu ya goti, na nilipopelekwa kwenye kiti cha magurudumu kumsalimia aliniuliza ng'ombe wanaendeleaje. Nikasema wanaendelea vizuri. Akasema asante Mungu, akaenda zake. Nilikasirika, nakwambia, nikamwambia Mogaka mzee huyu anawapenda ng'ombe kuliko mimi.

Basi Ijumaa moja baada ya dawa ya tatu, nimekaa kibandani mbele ya cherehani nisiyoitumia, nikamwona Tata anashuka kwenye pikipiki na mfuko wa ndizi mkono mmoja na boksi la karatasi ngumu kwapani. Hakuniita Mama. Aliliweka boksi juu ya meza yangu ya kukatia, akarudi nyuma hatua moja, akasimama kama wateja wanavyosimama.

“Fundi,” akasema, “nimeleta kazi.”

Boksi lilikuwa na picha ya ndege ya zamani ya vita, ya kijani na kahawia, inapasua mawingu. Jina lilikuwa Hurricane. Alilipata Keroka siku ya soko, katika rundo la vitu vya watoto kwenye mitumba, halijawahi kufunguliwa. Ndani kulikuwa na vipande vidogo vidogo vya plastiki ya kijivu vimeshikana kwenye fremu, kama vifungo vipya vinavyokuja vimeshikizwa kwenye kadi yake. Ukiviunganisha vyote unapata ndege inayotosha kwenye kiganja.

Nikamuuliza anataka ndege ya nini mtu mzima kama yeye. Akakaa, akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisikia nusu nusu utotoni. Babu yangu alipelekwa Burma wakati wa vita kubwa, kubeba mizigo ya jeshi msituni. Alisimulia kwamba ndege zikipita juu walikuwa wanalala kifudifudi kwenye matope. Walijifunza kuzijua kwa mlio. Na siku mlio ukiwa wa hizi zao, mtu mmoja alisema hiyo ni yetu, na wote wakainuka kutoka matopeni wakasimama wima, wanaume wazima, wakiangalia juu.

“Baba alinisimulia hiyo habari mpaka anakufa,” Tata akasema. “Nataka nione kilichomfanya asimame.”

Nikamwonyesha vidole vyangu, zile kucha nyeusi. Ensoni au si ensoni, vidole vinaonyeshwa. Akaviangalia, akauliza itakuwa tayari lini. Alinuna kidogo, kabisa kama mteja. Na mimi, sijui nini kilinisukuma, nikamwambia aje Ijumaa.

Nilianza jioni ile. Fundi wa kweli hasomi maelezo, anaangalia picha na kushika mkasi, ndivyo nilivyofanya. Yale makaratasi yenye michoro niliyaweka kando. Nikaona mwili wa ndege umekuja mbavu mbili, kushoto na kulia, nikasema hili ni gauni. Gauni unafunga mbavu kwanza, mikono na shingo baadaye. Nikanunua supaglu dukani, nikaziunganisha, macho yakifanya kazi ya vidole. Ilinichukua siku nyingi kwa sababu kila kipande kilikuwa kinatoroka, nakitafuta sakafuni kama kuku. Lakini mbavu zilikutana, mstari umenyooka. Nikamwita Mogaka aje aone. Akasema ni nzuri, halafu akanyoosha kidole mezani akauliza huyu ni nani.

Alikuwa rubani. Mtu mdogo wa plastiki, amekaa kitini na kofia yake ya ngozi, mikono juu ya magoti. Kiti kimeungana na sakafu yake, na sakafu ni pana kuliko tundu la juu. Alitakiwa kuingia kabla mbavu hazijafungwa. Mtu yeyote aliyesoma ile michoro angemwingiza kwanza. Mimi nilikuwa nimeshona gauni na kumwacha mwenye gauni nje.

Nguo ikikosewa inafumuliwa. Mimi hufumua kwa wembe, mshono wowote, hata nikiwa nazungumza na mtu. Nikachukua wembe wangu nikaanza kwenye mstari wa gundi. Nilikuwa naendelea vizuri tu, najisifu, mpaka nilipoona plastiki ya kijivu imekuwa nyekundu. Nilikuwa nimejikata kidole vibaya na sijasikia chochote. Damu ilikuwa imefika kwenye kiwiko.

Kwa mtu mwingine hiyo ni plasta na basi. Kwa mtu wa kemo ni homa. Baada ya siku chache nilikuwa wodini Kisii natetemeka, na sista wa pale, mama wa makamo asiyecheka ovyo, akaniambia, “Mama, wembe na kemo havikai nyumba moja.” Nilikaa huko mpaka nikachoka na dari. Ukisikia joto limepanda usijidai shujaa, kimbia hospitali. Hilo ni neno moja ninalokusihi ulishike.

Niliporudi nyumbani nilipitia kibandani kwanza, nikakuta mahali pa cherehani ni patupu. Mogaka alikuwa ameibeba, ameifunika kwa gunia, ameiweka stoo pamoja na chakula cha ng'ombe. Nyembe zangu zote amezificha. Eeh, siku hiyo tulipigana kwa maneno! Nilimwambia hata kaburi huchimbwa mtu akishakufa. Nilimwambia kama amepata fundi mwingine amlete. Alisimama pale mlangoni na ndoo ya maziwa, ananisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

“Nilikuona unavuja damu na hujui,” akasema. “Ungekuwa mimi ungefanya nini?”

Nilimnunia wiki nzima na zaidi. Tulikuwa tunapishana nyumbani kama wapangaji. Ugonjwa hauli mwili peke yake, unakula na mazungumzo ya mezani. Usishangae ukikufika.

Katika hasira hiyo ndipo nilipoamua kuacha dawa. Sikumwambia mtu. Nilifanya hesabu yangu kichwani: kila dripu inaondoa kidole kidogo zaidi, basi nikiacha sasa labda vitarudi. Ningekufa, sawa, lakini ningekufa fundi. Unaona upumbavu wa mtu aliyechoka. Wakati ule ulionekana akili tupu.

Ijumaa nyingine ikafika na Tata akaja tena na ndizi zake. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, katika kibanda kisicho na cherehani, ameshika kofia. Akauliza kazi yake imefika wapi. Nikamletea ile ndege iliyofungwa, yenye doa langu la damu, na rubani kando. Nikamwambia aichukue, nimeshindwa, huyu amebaki nje na siwezi kumwingiza.

Tata alimwinua rubani akamsogeza karibu na macho. Alimwangalia kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuniangalia mimi.

“Basi fumua,” akasema.

“Vidole havifumui, Tata. Na nikiendelea na dawa vitakufa kabisa. Sirudi huko.”

Hapo nilikuwa nimevunja ensoni, au nimeigusa pembeni. Aligeuza uso akaangalia nje, kule kwenye mashamba ya mahindi.

“Sikusema ufumue leo,” akasema. “Mimi ni mteja, na sina haraka. Lakini kazi yangu sijampa fundi mwingine, na sitampa. Kwa hiyo wewe utaenda umalize dawa zako, halafu utamaliza kazi yangu. Huyu mbebe mpaka siku hiyo.”

Akaniwekea rubani kwenye kiganja na kuvifunga vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. Sikumhisi yule mtu mdogo hata kidogo. Ilibidi nifungue mkono kuhakikisha yumo. Lakini mikono ya Tata nilikuwa naiona juu ya yangu, na sikumbuki mara ya mwisho alinishika hivyo ilikuwa lini, labda nilipokuwa mtoto. Ndipo nikaelewa kile ambacho kila mtu angekuwa ameshakielewa. Mzee huyu tangu mwanzo alikuwa ananiuliza hali yangu. Hakuwa na neno la kuitaja, akatafuta kitu kingine cha kuuliza, kwanza ng'ombe, kisha ndege.

Nikaenda kwa dawa ya nne.

Rubani alikuwa ndani ya mfuko wa sketi yangu. Kila nilipokaa kwenye benchi nilitia mkono mfukoni, na kila mara mfuko ulikuwa kama mtupu. Bosibori alimwona nikimtoa kumhakikisha, akaniuliza huyu bwana wangu mdogo na yeye ameandikiwa kemo ngapi. Baada ya hapo alikuwa akifika kliniki anamsalimia yeye kwanza. Siku ambazo mishipa yangu ilikuwa imejificha na sista anatafuta pa kuchoma, Bosibori alimkalisha rubani juu ya stendi ya dripu, asimamie kazi. Yule sista asiyecheka akaja kuwa ndiye anayeuliza, rubani wetu yuko wapi leo?

Tata naye hakukosa Ijumaa. Kazi imefika wapi, Fundi? Bado. Njoo Ijumaa. Ananuna, anakunywa chai, anarudi Manga kabla jua halijazama. Nilianza kuisubiri hiyo kununa yake kuliko ndizi.

Mabawa niliyafanya polepole kando, kwa kibanio cha nyusi, nikisoma michoro safari hii. Rangi hazikuwemo kwenye boksi. Asubuhi moja niliamka nikakuta Mogaka mezani, kabla hata hajakamua, anapaka mabawa ile rangi ya kijani iliyobaki alipopaka geti letu. Ametoa ulimi nje kidogo kama mtoto wa shule. Hakuniona. Nilisimama pale nikamtazama, na kile kinyongo changu chote kikaisha. Nikamwambia amepaka nje ya mstari. Akaniambia nimletee chai. Jioni ile alirudisha cherehani kibandani, akaipangusa vumbi la pumba, akatia na mafuta.

Dawa ya mwisho niliimaliza wakati watu wanachoma mahindi mabichi. Walinipigia makofi pale wodini, nikashukuru, nikarudi nyumbani, nikasubiri vidole. Huu muda hakuna anayekuambia habari zake. Unadhani dripu ya mwisho ikitoka umepona, kumbe kuna kipindi cha kukaa tu. Nywele zikarudi, fupi na laini. Maziwa yakaacha kunuka. Kucha nyeusi zikaanza kusukumwa na nyeupe kutoka chini. Vidole, kimya. Mahindi yakakauka, yakavunwa, yakaanikwa uani. Kila asubuhi nilishika pini, na kila asubuhi ilibidi niiangalie.

Halafu ikaja siku ya kliniki ya kuangaliwa tena. Nimekaa na Bosibori, tunasubiri majibu ya picha, na foleni haisogei. Nilikuwa nimetia mkono mfukoni kwa mazoea. Nikawa nachezea kitu huku nasikiliza hadithi yake ya mteja aliyemrudishia mkungu wa ndizi. Kitu chenye ncha ndogo mbili. Nikazipapasa tena. Yalikuwa magoti. Nilikuwa nashika magoti ya rubani, na juu ya magoti mikono yake, na juu zaidi ile kofia ya mviringo, na sijatazama.

Nilipiga kelele. Watu wote kwenye benchi waligeuka wakidhani nimepewa majibu mabaya. Sista alitoka mbio. Nikamwambia ana magoti, ana magoti, na sikuweza kusema zaidi. Bosibori alielewa kabla ya wote. Aliinuka akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Ekegusii, na wale mama wengine, wenye vilemba na wenye vipara, wakaitikia palepale kwenye korido. Nilipoitwa ndani daktari alisema picha ni safi, haionyeshi kitu. Nilimshukuru, nikamwonyesha magoti.

Vidole havikurudi kwa siku moja. Vilirudi kama umeme wa kwetu, vinakuja na kupotea. Lakini Ijumaa ya kwanza ya likizo ya Desemba nilishika uzi nikautia kwenye tundu la sindano, macho nimefumba. Nikamwomba Mogaka wembe. Aliniangalia, akaenda, akarudi nao umefungwa kwenye karatasi. Hakuondoka. Alikaa mlangoni kana kwamba amepumzika tu.

Tata alifika alasiri, akakaa kwenye kiti chake. Akauliza kazi imefika wapi, nikamwambia anyamaze, fundi anafanya kazi. Niliingiza ncha ya wembe kwenye mstari wa gundi nyuma, karibu na mkia. Niliusikia. Nilisikia mahali gundi ilipokuwa nene na ilipokuwa nyembamba, nikasikia inavyoachia kidogo kidogo. Baadaye niliambiwa kuna gundi maalumu ya vitu hivi, inayeyusha plastiki ikawa kitu kimoja, na kama ningeitumia hiyo nisingefungua kamwe. Ujinga wangu wa supaglu ndio uliniokoa. Mbavu zikaachana bila kuvunjika, na hakuna tone la damu.

Jua lilikuwa linateremka upande wa Manga. Tata alisema Sabato inakaribia, tuache mpaka Jumapili. Nikamwambia sijawahi kumpa mteja kazi yake kwa wakati, leo nitampa. Nikamtoa rubani mfukoni. Alikuwa amechakaa, kofia imepauka kwa kusuguliwa na kitambaa. Nikamkalisha mahali pake. Nikafunga mbavu, nikazishika mpaka gundi ikashika, nikaweka mabawa ya Mogaka, propela, tairi, na mwisho kile kifuniko cha kioo juu ya kichwa chake. Doa langu la damu sikulifuta, liko ndani huko, anajua yeye.

Nikaiweka ndege mezani mbele ya baba yangu nikamwambia kazi yake iko tayari.

Hakuigusa. Aliishika meza kwa mikono miwili, akainuka polepole na yale magoti yake mabovu, akavua kofia, akasimama wima. Hakuwa anaiangalia ndege. Alikuwa ananiangalia mimi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, na ensoni yote ya Wagusii haikutosha kumfanya ageuze uso. Mogaka naye akasimama kule mlangoni. Nililia mbele yao wote wawili bila kujificha.

Tulipomaliza kulia, Tata akavaa kofia, akaichukua ndege, akaanza kuikagua kama mteja yeyote mkorofi, anaigeuza, anatafuta kasoro kwenye mshono. Hakuipata. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa ndizi, akatoa kitambaa cha suti, rangi ya majivu, kizito, kizuri. Alikuwa nacho tangu masika, kumbe. Alikinunua siku ile ile ya ndege akaogopa kuniletea. Anataka kukivaa kanisani kwao Manga, siku ya kutoa shukrani kwa ajili yangu.

Nikamsimamisha, nikampima mabega, kifua, mkono, na tepu ilipita chini ya vidole vyangu nikiisikia mistari yake. Titi la Bosibori lilikuwa la kwanza kwenye foleni. Nyuma yake kulikuwa na yule mwalimu wa mifuko, amesikia habari, amerudisha suruali yake, na nje sauti za watu wengine wawili wakigombania nani alifika kwanza.

“Nije lini, Fundi?” Tata akauliza.

“Njoo Ijumaa,” nikamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu vidole viniache nilikuwa namdanganya mteja kwa sababu ya wingi wa kazi.